Mgongo Ukikata Kazini, Sema Siku Hiyohiyo

Aliyekatwa na mashine hahitaji kumshawishi mtu. Damu imeonekana, kila aliyekuwa ghalani amesikia yowe, na gari la kumkimbiza hospitali limeshawashwa. Aliyeumia mgongo akishusha gunia hana cha kuonyesha. Anasimama, anashika kiuno, wenzake wanamtania kwamba uzee umebisha hodi, naye anacheka, anamalizia lori na kwenda nyumbani. Usiku ndipo anapogundua kwamba hawezi kujigeuza kitandani. Asubuhi anapitia duka la dawa, anachomwa sindano ya maumivu, anarudi kazini. Baada ya wiki tatu mguu unaanza kufa ganzi na sasa anataka fidia. Anaulizwa swali moja tu: nani anajua kwamba uliumia kazini?

Hapo ndipo madai mengi ya aina hii yanapofia. Yanafia kwenye ukimya wa siku ya kwanza, mapema kabla hayajafika mbele ya ofisa yeyote. Makala haya yanamhusu mpakiaji wa ghala, utingo anayeshusha saruji, saidia fundi anayepandisha ndoo za zege, muuguzi wa zamu ya usiku anayemgeuza peke yake mgonjwa mwenye kilo 90, na dada wa kazi anayepandisha maji ya lita 20 hadi ghorofa ya tatu. Wote hao wanaweza kuumia bila tone la damu, na wote wana haki ambayo wengi wao hawajawahi kuambiwa.

Nitakaa zaidi Tanzania Bara, ambako fidia hulipwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao wengi huuita WCF. Zanzibar ina sheria yake na Kamisheni yake ya Kazi. Kenya nitaigusa baadaye kidogo.

Kwanza tuondoe hofu, kwa sababu ndiyo inayowanyamazisha watu. Wafanyakazi wengi wanaamini kudai fidia ni kumshtaki bosi, na bosi akishtakiwa kazi imekwisha. Utaratibu wa Mfuko hauko hivyo. Ulianzishwa kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, Sura ya 263, ukaanza shughuli zake Julai 2015. Kila mwajiri anatakiwa kujisajili na kuchangia kila mwezi kulingana na mishahara anayolipa. Kwa sekta binafsi kiwango kilianza na asilimia 1, kikashushwa hadi asilimia 0.6 mwaka 2021, kisha asilimia 0.5 mwaka 2022. Mfanyakazi hachangii chochote, na ukiona kwenye hati yako ya mshahara makato yenye jina la Mfuko huu, hayo si halali. Kwa hiyo unapoumia na kudai, anayelipa ni Mfuko, kutoka kwenye fedha ambazo mwajiri wako ameshazichangia. Huhitaji kuthibitisha kwamba alikuwa mzembe. Hata kama hakuna aliyekosea, hata kama uliinama vibaya mwenyewe, fidia ipo, isipokuwa ukionekana umejiumiza kwa makusudi au kwa utovu mkubwa wa nidhamu.

Hoja hiyo ifikishe hata kwa bosi mwenyewe. Nimeona waajiri, hasa wenye biashara ndogo, wakificha ajali kwa kudhani watatozwa gharama zote za matibabu, wakati anayeficha ndiye anayejitafutia gharama. Kukaa na ajali bila kuripoti ni kosa kisheria.

Unachotakiwa kuonyesha ni mambo manne: kwamba wewe ni mwajiriwa, kwamba tukio lilitokea, kwamba lilitokea ukiwa kazini na kwa sababu ya kazi, na kwamba limekuumiza. Kwa mtu aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, yote manne yanajieleza. Kwa aliyenyanyua mzigo, la pili na la tatu ndiyo magumu, maana mgongo huuma pia kwa kulima, kwa kuendesha bodaboda, kwa kubeba mtoto na kwa umri. Kila ushauri unaofuata unalenga mambo hayo mawili.

Saa za kwanza

Ukisikia mgongo umekata, bega limevutika au kinena kimechanika, acha mzigo hapohapo na useme. Mwambie mwenzako aliye karibu, kisha msimamizi. Usimalizie lori kwa aibu. Sheria inakubali taarifa ya mdomo au ya maandishi kwa mwajiri, mradi itolewe mapema iwezekanavyo, lakini ya mdomo ina tabia ya kusahaulika mambo yanapokuwa magumu. Andika. Karatasi ya daftari inatosha, na ujumbe wa simu kwa msimamizi unatosha, ilimradi uonyeshe tarehe na uwe umebaki na nakala yako. Kama zamu yenu ina kundi la WhatsApp, hata hapo andika, kwa sababu ujumbe ule una saa yake na watu ishirini wameuona.

Cha kuandika ni hiki, kwa maneno ya kawaida: "Leo Jumanne, saa 4 asubuhi, nikiwa ghala namba 2, nilikuwa nashusha magunia ya sukari ya kilo 50 kutoka kwenye lori. Gunia la tatu au la nne nilipoliinua nikageuka kushoto, nilisikia mgongo umekata chini ya kiuno na maumivu yakashuka mguu wa kulia. Niliokuwa nao ni fulani na fulani. Nimeshindwa kuendelea na naomba kwenda hospitali." Tazama kilichomo: siku, saa, mahali, aina ya mzigo, uzito wake, mwendo wa mwili, mahali panapouma, walioona. Maneno "nimeumia mgongo kazini" peke yake hayana kitu cha kushika. Uzito usiubahatishe. Soma kwenye mfuko au gunia, maana saruji na sukari huandikwa kilo 50 waziwazi. Kama ni gunia la mazao lisilo na maandishi, sema "gunia la viazi lililojazwa hadi juu" na uache hapo.

Mwajiri akishapata taarifa ana siku 7 za kuripoti kwa Mfuko. Muulize siku ya nane, kwa heshima, kama ameshatuma, na omba kuona uthibitisho. Akikuzungusha, unaweza kwenda mwenyewe kwenye ofisi ya Mfuko iliyo karibu nawe. Haki ya fidia ina ukomo: ajali isiporipotiwa ndani ya miezi 12, haki inapotea. Mwaka mzima unaonekana ni mrefu, lakini kwa mtu wa mgongo hupita haraka. Miezi mitatu ya kwanza anasubiri kupona, mitatu inayofuata anaambiwa na bosi avumilie, na inayobaki anaimaliza kwa kuzunguka kutafuta walioshuhudia, ambao mmoja ameshahama mji na mwingine anaogopa kusema.

Mbele ya daktari

Chumba cha daktari ndicho mahali pa hatari kuliko pote katika safari hii, na watu hawalijui hilo. Mazungumzo huwa hivi:

"Unasumbuliwa na nini, kaka?"

"Mgongo, daktari."

"Umeanza lini?"

"Ah, siku nyingi tu, ila juzi umezidi."

Daktari ana foleni ya watu arobaini nje. Anaandika kwamba mgonjwa ana maumivu ya mgongo ya muda mrefu, anaagiza dawa, anaita mwingine. Maandishi hayo ndiyo atakayoyasoma anayechambua dai lako miezi minne baadaye, na hayataji kazi, gunia wala Jumanne. Hakuna aliyekuonea. Ulijibu kama Mswahili mwungwana anayejibu habari za afya, kwa kuzungusha.

Jibu hivi: "Juzi Jumanne saa 4 asubuhi nikiwa kazini nashusha magunia ya sukari, nilisikia mgongo umekata. Kabla ya hapo nilikuwa nafanya kazi kila siku bila shida." Kisha mwombe, bila kumfokea, aandike kwamba uliumia kazini ukinyanyua mzigo. Madaktari wengi wataandika bila kusita ukiwaambia. Karatasi ya mapumziko, ile wafanyakazi wanayoiita ED, itunze yenyewe au nakala yake, kwa sababu ndiyo inayohesabu siku ulizoshindwa kufanya kazi. Tunza pia risiti, karatasi za vipimo, na picha ya simu ya kila ukurasa kabla hujaukabidhi kwa mtu wa utumishi. Karatasi hupotea kwenye droo za ofisi kwa namna ya ajabu.

Sina ugomvi na mkandaji wala mafuta ya kuchua. Wengi wamepata nafuu huko, na maji ya moto kwenye misuli iliyokaza ni kitu kizuri. Ila mkandaji haandiki, na duka la dawa halina faili. Pita hospitali kwanza, hata zahanati ya serikali ya mtaani, kisha nenda kwa mkandaji wako. Zaidi ya hapo kuna hatari ya mwili yenyewe. Mgongo una pingili zilizotenganishwa na diski laini, na mbili za chini kabisa ndizo zinazobeba uzito mkubwa mtu anapoinama na kuinua. Diski ikitokeza nje na kubana mshipa wa fahamu, kukandwa kwa nguvu kunaweza kuongeza balaa. Ukiona mkojo unakupita bila kujua au umekataa kutoka, ukiona ganzi sehemu za siri na mapaja ya ndani, au mguu umekosa nguvu, usisubiri kesho. Hiyo ni dharura ya kwenda hospitali kubwa saa hiyohiyo, na fidia itafuata baadaye.

Kuna jeraha jingine la kunyanyua ambalo wanaume hulificha kwa aibu, nalo ni ngiri. Mtu anainua jenereta au mashine ya kusaga, anasikia kitu kimeachia kinenani, kisha uvimbe unajitokeza akikohoa na kurudi ndani akilala. Anakaa nao mwaka mzima. Akifika kwa daktari, uvimbe ni mkubwa na hakuna anayeweza kusema ulianza lini. Kama uvimbe umetokea ukiwa na mzigo mikononi, sema siku hiyo kama ungesema kidole kimekatika. Daktari ameona vinena vingi kuliko unavyodhani.

"Mgongo wako ulikuwa mbovu tangu zamani"

Sentensi hiyo utaisikia. Wakati mwingine ataisema mwajiri, wakati mwingine itatoka kwenye picha ya kipimo kinachoonyesha diski zilizochakaa. Watu wengi hapa huvunjika moyo, na wengine hufanya kosa baya zaidi la kuficha historia yao. Wanakana kwamba waliwahi kuumwa mgongo maishani, kisha faili la hospitali la 2021 linatolewa na linasema vingine. Tangu hapo hata ukweli wao hauaminiki.

Sema ukweli wote. Diski zilizochakaa hupatikana pia kwa watu wasio na maumivu yoyote, kwa hiyo picha peke yake haithibitishi kwamba tukio la Jumanne halikuwepo. Kinachokusaidia ni kulinganisha hali ya kabla na ya baada. Kama mgongo uliwahi kukuuma miaka iliyopita, ukapona, ukafanya kazi ya kupakia bila kukosa zamu, kisha ukaumia ukiwa na gunia na tangu hapo hujanyanyua tena, hayo ni maelezo yenye uzito. Kitabu cha mahudhurio cha kazini ndicho shahidi wako: kinaonyesha ulikuja kila siku hadi siku ile. Omba nakala yake mapema, au ipige picha.

Kwa upande wa pili, usifanye maigizo. Nimesikia watu wakishauriana kuchechemea zaidi mbele ya daktari anayepima ulemavu. Daktari huyo ana njia za kupima nguvu ya mguu, hisia za ngozi na jinsi neva zinavyojibu, na anayeigiza hugundulika. Ukiweza kuinama hadi magotini, inama hadi hapo na useme maumivu yanaanzia wapi.

Wapo pia wasiokumbuka siku hata moja. Muuguzi aliyegeuza wagonjwa kwa miaka tisa hana "Jumanne saa 4". Mgongo wake umekwisha taratibu. Huyu asilazimishe ajali isiyokuwepo. Sheria inafidia pia magonjwa yatokanayo na kazi, na matatizo ya misuli na mifupa yanayosababishwa na mizigo na mikao mibaya ni miongoni mwa magonjwa ambayo Shirika la Kazi Duniani limeyaorodhesha. Anachohitaji ni historia ya kazi iliyoandikwa vizuri: amefanya wodi gani, miaka mingapi, wagonjwa wangapi kwa zamu, kama kulikuwa na kifaa cha kuhamishia mgonjwa au mikono mitupu. Daktari anayejua mgonjwa anafanya nini kila siku ndiye anayeweza kuunganisha ugonjwa na kazi.

Fedha zenyewe

Dai likikubaliwa, Mfuko hugharamia matibabu yanayohitajika. Ukishindwa kufanya kazi kwa muda, unalipwa asilimia 70 ya kipato chako cha mwezi, na malipo hayo yana ukomo wa miezi 24. Anayepata shilingi 500,000 atapata 350,000. Baada ya tiba, kama umebaki na ulemavu wa kudumu, unafanyiwa tathmini na kupewa asilimia. Ulemavu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo. Ukivuka hapo, malipo yanakuwa pensheni ya kila mwezi. Kidole kilichokatika kina asilimia yake kwenye jedwali la sheria, lakini mgongo hutegemea kile mpimaji anachokiona na kilichomo kwenye faili, na ndiyo maana nimekaa sana kwenye faili. Ipo pia huduma ya utengamao kwa wanaohitaji kurudi kazini au kujifunza kazi nyingine.

Angalia neno "kipato". Kuna waajiri wenye mishahara miwili, wa kitabuni na wa mkononi. Kitabuni wewe unalipwa 200,000, mkononi unapokea 450,000. Siku zote mlikuwa mnafurahi pamoja kwa sababu makato yalikuwa madogo. Ukiumia, fidia itaanzia kwenye kile kilichoandikwa. Kama uko kwenye mpango wa namna hiyo, tunza ujumbe wa malipo ya simu na taarifa za benki zinazoonyesha ulichopokea kweli, kisha jiulize kama unataka kuendelea nao.

Mchezo mwingine ni likizo ya ugonjwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Mwajiri asiyetaka kuripoti ajali humwambia aliyeumia: "Pumzika nyumbani, nitakulipa." Inasikika kama wema, na wakati mwingine ni wema kweli. Lakini siku zinahesabiwa kama za mgonjwa wa malaria, mshahara unashuka hadi nusu, na zikiisha unaambiwa huna tena uwezo wa kazi. Pokea mapumziko, ila dai yaandikwe kwamba yanatokana na ajali ya kazini.

Na usisaini chochote kwa haraka. Ukipewa shilingi 50,000 za dawa na karatasi ya kusaini kwamba "tumemalizana", chukua karatasi uende nayo nyumbani, uisome na mtu wa chama cha wafanyakazi. Ukiachishwa kazi kwa sababu ya mgongo, suala hilo ni tofauti na fidia na lina mlango wake: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ambako lalamiko la kuachishwa isivyo haki linatakiwa kufika ndani ya siku 30. Watu wengi hupoteza haki hii wakisubiri kwanza fidia itoke. Fungua yote mawili.

Uamuzi wa Mfuko usipokuridhisha, kwa mfano dai limekataliwa au asilimia ya ulemavu imekuwa ndogo, unaomba upitiwe upya, na ngazi zinaendelea hadi kwa Waziri na Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Andika barua ya pingamizi mara tu unapopata jibu, na uambatanishe kitu kipya, kama ripoti ya daktari bingwa. Kurudia malalamiko yaleyale kwa herufi kubwa hakusaidii.

Asiye na mkataba

"Mimi kibarua tu, sina karatasi." Hili nalisikia kila mahali, kutoka viwandani hadi kwenye maghala ya mazao, na mara nyingi si kweli kwa jinsi msemaji anavyodhani. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 ina kifungu kinachomchukulia mtu kuwa mwajiriwa ikiwa hata dalili moja kati ya kadhaa ipo: anaelekezwa namna au saa za kufanya kazi, ni sehemu ya shughuli za yule anayemfanyia kazi, amemfanyia wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anategemea kipato hicho, au anapewa vifaa vya kazi. Saa 45 kwa mwezi ni chini ya siku sita za kazi. Kibarua anayepangiwa zamu na nyapara na kulipwa kila Jumamosi anaweza kupita hapo kwa urahisi. Ushahidi wake ni daftari la nyapara, ujumbe wa malipo ya simu, kitambulisho cha getini, picha akiwa na aproni ya kampuni. Na kama mwajiri hajajisajili kwenye Mfuko, kosa ni lake. Nenda ukatoe taarifa hata hivyo.

Wapo ambao sheria haiwafikii kweli. Mbebaji wa sokoni anayelipwa kwa gunia, leo na mfanyabiashara huyu, kesho na yule, hana mwajiri wa kuripoti. Sitamdanganya kwamba Mfuko utamlipa. Kwake kinga ni kikundi chenye akiba ya dharura, bima ya afya, na kukataa mizigo ya kijinga. Na mizigo ya kijinga iko mingi. Lumbesa, lile gunia lenye kilemba juu, limepigwa marufuku chini ya Sheria ya Vipimo inayoweka kikomo cha kilo 100 kwa gunia la mazao. Lakini kikomo hicho kiliwekwa ili mkulima asipunjwe, hakikufikiria mgongo wa anayelibeba. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55 kwa kawaida. Marekani, taasisi ya utafiti wa usalama kazini ya NIOSH huanza hesabu zake na kilo 23 katika mazingira mazuri kabisa, kisha huzipunguza kadiri mzigo unavyokuwa mbali na mwili au mtu anavyolazimika kujipinda. Gunia la kilo 100 begani mwa mtu mmoja halina utetezi popote. Kazini kwenu kukiwa na mizigo ya namna hiyo bila toroli wala watu wawili, mlango wa kugonga ni OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, kabla mtu hajaumia.

Kwa msomaji wa Kenya

Mombasa, Nairobi au Eldoret, sheria yako ni ile ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, WIBA. Kule hakuna mfuko mmoja wa taifa kama huu. Mwajiri anatakiwa kukata bima, na dai hupitia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, kupitia ofisi zake za kaunti. Siku 7 za mwajiri kuripoti na miezi 12 ya ukomo zipo vilevile. Ulemavu kamili wa kudumu hulipwa sawa na mapato ya miezi 96, na ulemavu mdogo kwa sehemu yake. Usipokubaliana na uamuzi una siku 60 za kuweka pingamizi kwa Mkurugenzi, kisha siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Usianze mahakamani. Mahakama ya Juu iliamua Desemba 2019 kwamba utaratibu huu wa sheria ni halali kikatiba, na wakili anayekuambia mkimbilie moja kwa moja kumshtaki mwajiri anakupotezea muda. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huohuo wa 2007 inamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kumjeruhi. Kumbusha hilo kwa maandishi unapoombwa kubeba kisichobebeka.

Jambo la mwisho ni vishoka. Fidia ikianza kusikika mtaani, atatokea mtu anayejua mtu ofisini, atakayeomba kidogo cha kufuatilia faili, au sehemu ya fedha zikitoka. Kudai fidia kwenye Mfuko ni bure. Fomu ni bure, kufuatilia ni bure, na hakuna ofisa anayeruhusiwa kukudai chochote. Usimpe mtu kitambulisho chako wala namba zako za benki. Kama umeumia na hujaripoti, andika ile karatasi leo, mkabidhi msimamizi, na ubaki na nakala yenye sahihi yake.